Bolti Iliyokatika Uani Kwetu

Mume wangu aliniona mara ya kwanza nikiwa nimelala chini ya gari. Nilikuwa nafanya kazi katika gereji moja pale Mafiga, mwanamke pekee kati ya mafundi tisa, na yeye alileta pikapu ya kiwandani kwao ikiwa inavuja oili. Alisubiri mpaka nikatoka, nimejaa grisi hadi kwenye nyusi, akacheka, akaniuliza kama kweli fundi ni mimi. Nikamwambia akae saa moja ataona. Alikaa. Baada ya siku ile akawa anaileta ile pikapu hata ikiwa nzima.

Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia yaliyofuata hudhani niliolewa na mtu ambaye hakujua anamwoa nani. Alijua vizuri. Alikuwa akijisifu kwa rafiki zake kwamba mchumba wake anafungua injini na kuifunga peke yake. Tukaoana. Mwezi wa pili, tukiwa mezani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mke wa mtu kulala chini ya magari ya wanaume wengine haipendezi. Hakufoka. Alisema haipendezi, akaendelea kula. Nilikuwa na mimba changa na harufu ya petroli ilikuwa inanitapisha, nikajiambia nitapumzika kidogo. Kupumzika huko kulifika miaka kumi na mbili.

Katika miaka hiyo tulijenga Kihonda, watoto wetu wawili wakaenda shule ya bweni, nami nikaajiriwa kwenye duka la vifaa vya shule, nikawa napiga fotokopi na kuuza madaftari. Mume wangu alinunua gari dogo la mtumba. Gari likawa lake kwa kila hali. Matengenezo madogo aliyafanya mwenyewe uani siku za Jumamosi, akiwa ameegemeza simu kwenye ndoo na kutazama video za watu wanaotengeneza magari ya aina nyingine kabisa. Mimi nilimletea maji ya kunawa. Mara nyingine nilimwona anafunga nati kinyume na utaratibu, nikaingia ndani kupika ili nisione.

Mwaka ambao nataka kuuzungumzia, baba mkwe alikuwa ametimiza mwaka mmoja tangu afariki, na ukoo ulikuwa umeandaa misa ya kumbukumbu kwao Matombo, siku ya Jumapili. Mama mkwe alikuwa kwetu. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hospitalini mjini, jicho la kulia limefungwa kwa bandeji, la kushoto lenyewe halioni vizuri. Daktari alimkataza kupanda pikipiki au gari la kubanana. Kwa hiyo ilikuwa lazima tumpeleke sisi, kwa gari letu, na bila yeye misa ile isingekuwa na maana. Marehemu alikuwa mume wake.

Wiki ile gari lilianza kuchemka. Chini, pale lilipolala, palikuwa na alama ya maji kila asubuhi. Niliinama mara moja tu wakati mume wangu anaoga, nikaona. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kifuniko cha termostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Kifuniko hicho kinashikwa na bolti mbili ndogo. Gasketi yake, ile karatasi ngumu ya kuziba maji, ilikuwa imekufa. Ni kazi ya nusu saa kama bolti zimekubali kutoka.

Lakini zile zisingekubali kirahisi. Mume wangu alikuwa anajaza rejeta maji ya bomba miaka yote, hakuwahi kuweka ile dawa ya kuzuia kutu, na bolti ya chuma ikikaa muda mrefu ndani ya alumini yenye maji inashikana nayo kama imezaliwa humo. Nilijua hivyo kabla hajafungua boneti.

Jumamosi asubuhi akaanza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza uani kana kwamba anaona. Mimi nilikuwa nafua. Bolti ya kwanza ilitoka ikipiga kelele, lakini ilitoka. Ya pili ikagoma. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi.

Nikaacha kufua.

"Baba watoto," nikamwambia, "ungeiwasha kwanza injini ipate moto kidogo. Halafu uimwagie mafuta ya breki, uigongegonge kichwa taratibu. Uizungushe mbele na nyuma, usiivute upande mmoja."

"Nani anatengeneza hapa?"

"Unatengeneza wewe. Nakwambia tu kwamba hiyo itakatika."

"Basi fua."

Akaweka uzito wake wote kwenye bomba. Bolti ndogo ikikatika haitoi kishindo kikubwa. Inatoa sauti kavu, kama mtu amevunja mfupa wa kuku. Bomba likamponyoka, ngumi yake ikaenda kugonga rejeta, ngozi ya vidole ikachubuka.

"Kimekatika nini?" mama mkwe akauliza kutoka barazani.

 Mume wangu alikuwa ameshika kichwa cha bolti mkononi, damu inamtoka, na akanitazama mimi. Sitasahau alivyonitazama. Kisha akasema, "Umenichanganya ulivyokuwa unaongea."

Nimejiuliza mara nyingi ningemjibu nini.  Siku hiyo nilimletea maji na kitambaa, nikamfunga vidole, na nilipokuwa namfunga nilikuwa natetemeka kwa hasira, yeye akadhani natetemeka kwa kumwonea huruma, akaniambia haiumi sana.

Alihangaika na kile kipande kilichobaki karibu saa mbili. Kilikatikia juu kidogo ya uso wa chuma, kama nusu ya ukucha. Mtu mwenye akili angekiacha hivyo hivyo, kwa sababu hiyo nusu ya ukucha ndiyo pa kushikia. Yeye alichukua tindo na nyundo akakipiga pembeni akitaka kizunguke. Akakinyoa. Sasa kilikuwa sawasawa na uso wa injini, hakuna pa kushika, na pembeni alikuwa ametia makovu mawili kwenye alumini. Kila nyundo ilipogonga niliisikia kwenye meno.

Mchana akampigia simu mfanyakazi mwenzake, naye akamtumia fundi. Fundi alikuja saa nane na begi la vifaa na drili ya umeme. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akainama kwenye injini, akatazama, akasonya. Alipoinua kichwa kuomba maji ya kunywa, akaniona mlangoni.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja Mafiga miaka mitatu. Sasa alikuwa na mvi za mapema na kitambi.

"Dada," akasema. "Kumbe ni hapa kwako?"

"Ni hapa."

Akamgeukia mume wangu akicheka, wala hakuwa na nia mbaya. "Sasa bosi, mimi umeniitia nini? Bolti za kukatika pale gereji tulikuwa tunamwachia huyu. Hata mwenye gereji mwenyewe alikuwa anamwita. Sisi mikono yetu mizito. Hapa mimi nikitoboa vibaya nitakuharibia hedi nzima ya injini, halafu tutalaumiana."

 Mume wangu alikuwa anatazama vidole vyake vilivyofungwa.

"Kama huwezi, sema huwezi," akasema mwisho.

"Naweza kujaribu. Nakwambia tu ukweli, yeye anaweza kuliko mimi."

Mume wangu akamwambia aende, atatafuta fundi mwingine. Yule bwana akanitazama, akatazama gari, akaona sasa amekosea mahali ingawa hakujua ni wapi. Alianza kufungasha. Hapo mama mkwe akasema kutoka barazani, bila kupaza sauti:

"Kesho ni misa ya baba yako. Mwache mke wako afanye."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuingilia mambo yetu. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwambia mwanawe fanya hiki au acha hiki. Mume wangu alisimama kidogo, akasema anakwenda dukani kununua vocha, akatoka getini. Fundi aliniachia drili na begi lote, akasema atalifuata Jumatatu. Naye akaondoka, nadhani kwa aibu.

Nikabaki na injini.

Ninaweza kusema uongo hapa nikaandika kwamba nilifurahi. Mikono yangu ilikuwa haijui tena. Niliposhika panchi, kile kichuma chenye ncha cha kuwekea alama, nililazimika kukiweka chini mara mbili na kukaa. Kila kitu kinategemea alama hiyo. Ikiwa katikati, drili inakwenda katikati. Ikiwa pembeni hata kwa unene wa unywele, drili inateleza kuelekea alumini, ambayo ni laini kuliko bolti, inaila, na tundu linaharibika moja kwa moja. Nikapiga tupa taratibu kusawazisha palipokuwa na alama za tindo. Nikaweka panchi. Nikagonga mara moja.

Ilikaa katikati.

Baada ya hapo mikono ikakumbuka. Nilitoboa kwa ncha nyembamba kwanza, nikiacha kila mara ipoe, kisha kwa iliyo nene kidogo. Nikawasha injini dakika chache tu ili chuma kipate moto, nikazima, nikamwagia mafuta ya breki kwenye tundu. Kwenye begi la fundi kulikuwa na kichuma cha pembe nne kilichochongwa kuelekea mwisho. Nikakipigilia ndani ya tundu mpaka kikang'ang'ania, nikakishika kwa spana, nikasukuma kidogo kwenda kulia, kidogo kushoto. Kulia, kushoto. Sikumbuki nilifanya hivyo kwa muda gani.  Halafu kile kipande kikatoa mlio mdogo, kikasogea.

"Kimetoka?" mama mkwe akauliza kutoka mkekani.

"Kinatoka, mama."

"Haya."

Nilisafisha meno ya tundu, nikaweka gasketi mpya aliyokuwa ameinunua mume wangu, nikapata bolti ya kufanana na ile iliyokatika kwenye begi la fundi, nikafunga, nikajaza maji. Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa la jirani. Niliwasha injini, nikaiacha ikinguruma mpaka feni ikajiwasha yenyewe, na hakukuwa na tone la maji.

Mume wangu alirudi akiisikia inanguruma. Akaja, akapitisha kidole chini ya kifuniko, akakitazama kile kidole kikavu.

"Haivuji," akasema.

"Haivuji."

"Hukupaka gundi juu ya gasketi."

"Haihitaji gundi."

"Mafundi wote wanapaka."

Akaingia kuoga. Nikafunga boneti, nikaenda kusuuza nguo nilizoziacha kwenye maji tangu asubuhi.

Jumapili tuliondoka mapema. Njia ya Matombo mnaijua mnaoijua, mashimo na mawe, na milima ya upande wa Mkuyuni inalichosha gari. Niliketi nyuma na mama mkwe, nimemwegemeza asitikisike kichwa, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Mshale haukupanda. Nilikuwa nangoja mume wangu aseme neno lolote. Angesema tu kwamba mshale umetulia, ingenitosha, sikuwa mtu wa gharama kubwa. Alizungumza na mama yake habari za viti na turubai.

Misa ilikwenda vizuri. Baadaye tukakaa nyumbani kwa marehemu, watu wakala wali na ndizi za nyama. Mjomba wa mume wangu, kaka wa mama mkwe, ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, na mume wangu humwogopa tangu utotoni. Mjomba akamwuliza mbele ya watu, "Jana tuliambiwa gari lako limekufa. Mmefikaje?"

Nilikuwa napita na sinia la vikombe. Nikasimama.

"Bolti ya injini ilikatikia ndani," mume wangu akasema. "Fundi alikuja akashindwa. Ikabidi niitoe mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Siku nzima. Angalia mkono huu." Akanyanyua vidole vyake.

Mjomba akamgonga begani. Wakamsifu. Mmoja akasema kijana wa siku hizi kujua ufundi ni jambo la maana. Mume wangu hakunitazama, na kutonitazama kwake kulikuwa kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na sinia mikononi.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kaka yake, na alikuwa amesikia. Mtu huyu aliyesikia bolti ikikatika na kuisikia ikitoka, ningeapa kwamba atasema. Aligeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe, akasema, "Mungu ambariki." Basi.

Nilikwenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo wengine walikuwa wamepangiwa kuosha. Baadaye alikuja akishikwa mkono na mtoto wa jirani, akaomba aachwe na mimi. Akakaa kwenye kigoda, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu uliolowa.

"Umekasirika."

"Hapana, mama."

"Umekasirika. Una haki." Akaupangusa kwa kanga yake. "Ile midalasini ya kule juu umewahi kuiona?"

Niliwahi kuiona. Ni shamba zuri, miti mingi, na kila mtu Matombo analiita shamba la mzee.

"Ardhi ile ni ya ukoo wangu mimi," akasema. "Miche niliipandisha kichwani, nikiwa na mimba ya huyu mumeo. Baba yake alikuwa mjini anatafuta kazi. Aliporudi akakuta imeshakua, watu wakaanza kusema, shamba la bwana fulani. Leo padre kalitaja kanisani, umesikia? Bidii ya marehemu."

"Na hukuwahi kusema?"

"Nikisema nipate nini? Nyumba ivunjike kwa ajili ya magome?"

Alisema hivyo kwa kunifariji. Najua alinipenda, na najua kwamba alikuwa ananipa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu mwingine. Lakini nilipokuwa nimeshika mkono ule mkavu nilimwonea hasira kuliko niliyomwonea mwanawe. Niliona ananionyesha nafasi yangu na kuniambia nikae, ni pazuri, yeye amekaa hapo miaka arobaini. Nikatoa mkono wangu, nikasema nina vyombo.

Haikupita hata mwezi, nikarudi kutoka dukani nikakuta uani pako wazi. Mume wangu alisema ameliuza gari.

"Lilikuwa zima," nikasema.

"Limezeeka. Lingetusumbua."

"Halikusumbua. Umeliuza kwa sababu nililitengeneza mimi."

Alikuwa anakula chungwa. Aliendelea kumenya. "Gari lilikuwa langu," akasema, na hapo hakusema uongo.

Yule fundi alinipigia simu baadaye. Alikuwa amefungua gereji yake ndogo, anataka mtu wa kazi za ndani ya injini, hata kama ni siku chache kwa wiki. Nilimwambia nitafikiri. Akapiga tena, nikamwambia bado nafikiri. Ningependa kusema mume wangu alinikataza, ila sikumwambia hata siku moja. Nilifikiri mpaka simu zikakoma. Kwa hilo simlaumu mtu mwingine, na hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo, kwa sababu makosa ya mume ninaweza kumtupia mume.

Sasa tuna gari jingine. Juzijuzi aliniita uani, injini inawaka, boneti liko juu.

"Hebu sikiliza. Unasikia kitu?"

Nilisikia tangu nikiwa chumbani. Mkanda wa injini ulikuwa umekauka na unalia kila injini inapoongezwa moto, ulikuwa na siku chache tu.

"Sisikii kitu," nikamwambia.

"Na mimi naona iko sawa," akasema, akafunga boneti.

Mkanda ulimkatikia Alhamisi akiwa njiani kwenda kazini, akasukuma gari peke yake juani hadi pembeni ya barabara. Aliponisimulia jioni nilimpa pole, nikamwekea chakula. Moyoni nilifurahi, na furaha ile ilinidumu hadi nilipolala.